Kofia ya vita haitaki msasa

Mtu akipata kofia ya chuma ya Vita Kuu ya Kwanza, mkono wake huenda haraka kwenye msasa. Mhifadhi wa makumbusho huanza na taa, kioo cha kukuzia na glavu, maana jasho la vidole peke yake latosha kuamsha kutu.

Kazi ianzie wapi?

Kwenye kuitambua kofia. Ile ya Waingereza, iliyobuniwa na John Leopold Brodie mwaka 1915, ilianza upesi kutengenezwa kwa chuma cha Hadfield chenye manganizi kiasi cha asilimia 12, ambacho hakishikwi na sumaku. Ukingo uliokunjwa, ulioongezwa mwaka 1916, ni wa chuma laini cha kawaida. Sumaku ikinasa ukingoni na kuteleza kwenye bakuli, mwenye kofia ameshajua mengi. Ajue pia kwamba maji yakijipenyeza chini ya ukingo huo hayakauki kwa urahisi.

Mbona inakwaruza kama mchanga? Si uchafu huo?

Huenda ni mchanga kweli, ila uliwekwa makusudi: Waingereza waliutia kwenye rangi ili kofia isimetemete juani na kumwita adui. Wajerumani nao wana mtego wao. Mwezi Julai 1918 jeshi lao liliagiza kofia zipakwe mabaka ya kijani, manjano ya udongo na hudhurungi ya kutu, yakitenganishwa na mistari myeusi yenye upana wa kidole. Hilo baka la hudhurungi, likitazamwa harakaharaka, ni kutu tupu! Anayelisugua anafuta kitu ambacho hakuna fundi atakayekirudisha.

Basi vumbi na kutu ya kweli viondolewe vipi?

Vumbi huondoka kwa brashi laini. Uchafu ulioganda huguswa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya distili, kwanza mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, kazi isimame hapo hapo. Chuma kikaushwe mara moja.

Kutu nyeusi iliyotulia huachwa. Inayosumbua ni ile ya rangi ya chungwa, ya ungaunga, ambayo bado inakula chuma. Hiyo hukwanguliwa taratibu kwa kijiti cha mwanzi. Siki, ndimu na waya wa kusugulia masufuria vibaki jikoni. Barakoa ni lazima pia, kwa kuwa rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, madini yale, si ya bunduki.

Mwisho hupakwa nta kiduchu. Renaissance Wax, inayopendwa na makumbusho mengi, ilitokana na kazi ya British Museum miaka ya 1950. Kwenye rangi yenye mchanga itumike kwa uchoyo, kwani ikizidi hukwama kwenye mashimo na kuacha weupe.

Na ngozi ya kofia iliyokauka, ipakwe mafuta?

Hapana. Mafuta huifanya iwe nyeusi, hunasa vumbi na hatimaye huigandisha. Ngozi inayoacha unga mwekundu mkononi imeoza na haipaswi kuguswa na maji. Huyo ni mgonjwa wa mtaalamu. Kwa Pickelhaube, kofia ya ngozi yenye mwiba iliyoanza Prussia mwaka 1842, hatari nyingine ni dawa ya kung'arishia shaba, ambayo hupenya pembeni ya pambo na kutia doa ngozi. Utando wa kijani kuzunguka shaba huondolewa kwa kijiti cha kuchokolea meno.

Vipi kofia za jua za kampeni ya Afrika Mashariki?

Maofisa wa Kizungu wa pande zote mbili walizivaa hapa kati ya 1914 na 1918. Nyingi ni gome jepesi, kama la vizibo vya chupa, lililofunikwa kitambaa cha kaki. Maji hulegeza gundi na kuvuruga umbo, kwa hiyo brashi kavu inatosha. Kwa mwenye nayo Tanga au Mombasa, adui ni unyevu wa hewa yenyewe: kofia isifungwe kwenye mfuko wa plastiki wala kuning'inizwa kwa ukanda wake, bali ikae juu ya kifundo cha karatasi isiyo na asidi, kabatini, mbali na ukuta wa nje.