Bwana Kilima aliyejiita Mlima

Watoto na wazazi wa Louisville, Columbus na Buffalo, theluji imekwisha, na wengi mmeanza kuulizia miche na ndoana. Basi tusome maneno ya bustani na ya uvuvi.

Mwaka 1577 huko Uingereza kilitoka kitabu cha bustani, The Gardener's Labyrinth. Mwandishi aliitwa Thomas Hill, na Hill ni kilima. Lakini kitabuni jina lilikuwa Didymus Mountain. Kilima kajigeuza mlima! Kiswahili hufanya hivyo kwa silabi moja: mlima ukiutia KI- unakuwa kilima. Neno fupi huongezewa -ji-: mto, kijito, mji, kijiji. Jaribuni na mtu. (Si kitu, angalieni!)

Kitabu kile kinafundisha kutengeneza matuta, kupanda mbegu na kumwagilia. Bibi zenu wanayajua yote bila kitabu. Waulizeni kitalu ni nini, na palizi hufanywa lini.

Mwaka 1653 Izaak Walton alitoa The Compleat Angler. Ni mazungumzo: mvuvi anamfundisha mwenzake njiani, mtoni, na jioni wakila. Jina lake limefika hata Embu, Kenya, kwenye hoteli ya Izaak Walton Inn. Waingereza walipenda kuvua samaki aina ya trauti mitoni huko, lakini hawakuwa wa asili. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliwatia katika mto Gura, milima ya Nyandarua.

Mshipi ni uzi wa kuvulia, chambo ni chakula cha kumdanganyia samaki, chubwi ni risasi ya kuuzamisha mshipi. Na kuvua? Tunavua samaki, tunavua pia viatu. Sikilizeni neno linalofuata.

Wazazi, hapa naongea kama nesi. Samaki wa mto Ohio, Scioto au Niagara si wote wa kuliwa kila siku. Wengine, hasa wakubwa, wana zebaki, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Kila jimbo hutoa mwongozo wa samaki gani wale na mara ngapi. Usomeni kabla ya kuwasha jiko. Leseni ya kuvua huhitajika kuanzia miaka 16.

Kazi ya Jumamosi: mpigie babu au bibi, muulize alivua au alilima nini utotoni. Andika maswali matano na majibu, kama mazungumzo ya Walton. Neno usilolielewa usiliruke. Muombe alirudie polepole, uliandike kama ulivyolisikia, tutalichambua darasani.