Badili aikoni za kompyuta yako bila kuzima ulinzi

Leo tuache kidogo mambo ya bei na usafirishaji, tuongelee kitu kinachoonekana kidogo ila kimemgharimu mwenzetu wateja.

Kuna dada yuko Ubena Zomozi, hapo kwenye barabara ya Morogoro, anauza mikeka na vikapu vya ukili. Oda zote anazipata mtandaoni. Laptopu ni moja, anaitumia yeye na mdogo wake ambaye Kiingereza bado kinamsumbua. Akataka kitu cha maana kabisa: aikoni, yaani kale kapicha unakobonyeza kufungua programu, zibadilike ili dogo azijue kwa macho. Kikokotoo kiwe na picha ya noti, programu ya picha iwe na kikapu, na Notepad wanapoandikia oda iwe na boksi.

Akajaribu, kompyuta ikamgomea. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akazima kinga ya virusi, akaweka kiprogramu alichokitoa kwenye grupu la Telegram, aikoni zikabadilika, akalipwa chake. Siku ya tatu wateja wakaanza kupokea meseji za WhatsApp kutoka namba ya dada mwenyewe, zikiwaambia watume advansi kwenye namba nyingine. Watatu walituma. Laptopu ikabidi ifutwe yote, ipigwe Windows upya, na hao watatu akawalipa mikeka kutoka mfukoni kwake ili asipoteze jina.

Sasa, kwa nini kompyuta iligoma mwanzoni? Programu zinazokuja na kompyuta zimefungiwa makusudi. Kwenye Windows nyingi zinakaa kwenye folda inayoitwa WindowsApps, ambayo hata wewe mwenye mashine huruhusiwi kuichezea. Kwenye Mac kufuli hilo lilianza 2015 na toleo la El Capitan, halafu 2020 Big Sur ikapiga muhuri sehemu nzima ya mfumo. Sababu ni kwamba virusi hupenda kujificha ndani ya programu unayoiamini. Mtu akiweza kuingia kubadili picha ya Kikokotoo, anaweza kubadili na kilichomo ndani, na wewe utaendelea kukifungua kila siku bila wasiwasi.

Kwa hiyo programu yenyewe usiiguse. Tengeneza njia ya mkato ya kuifungua, halafu badili picha ya hiyo njia ya mkato. Ni kama fremu ya kupanga: ukuta ni wa mwenye nyumba, ila kibao cha nje unachora unavyotaka.

Kwenye Windows fanya hivi. Shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kitatokea kiboksi, andika humo shell:AppsFolder halafu bonyeza Enter. Programu zako zote zitajipanga hapo. Tafuta Calculator, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Create shortcut". Itakuuliza kama iweke kwenye uso wa kompyuta, kubali. Nenda kwenye hiyo mpya, kitufe cha kulia tena, "Properties", halafu "Change Icon". Hapo watu wengi hukimbilia kudownload mapicha, wakati kompyuta yenyewe ina picha nyingi tayari. Ukibonyeza "Browse" ukaenda kwenye folda ya Windows, kisha System32, ukachagua faili la shell32.dll au imageres.dll, utaona maboksi, kufuli, folda za kila aina. Chagua, bonyeza OK, umemaliza. Humo unachagua tu, usifute kitu.

Ukitaka nembo ya duka lako lazima iwe faili la aina ya ico. Kubadilisha jina tu kutoka png kwenda ico hakusaidii, inabidi ligeuzwe kweli. Tovuti za kugeuza zipo na ni za bure, pandisha nembo tu, na ukiona inakutaka uweke programu kwanza, toka. Faili likishakuwa tayari liweke kwenye folda ambayo hutaihamisha, maana ukilihamisha aikoni inapotea. Halafu jina la njia ya mkato libadili pia, andika "HESABU" au "ODA". Kwa dogo wa yule dada jina la Kiswahili lilisaidia kuliko hata picha.

Usishangae ukiipachika kwenye mstari wa chini ikarudisha picha ya zamani. Hizi programu za ndani mara nyingi hufanya hivyo. Iache juu ya uso wa kompyuta tu.

Wenye Mac: fungua folda ya Applications, shika Option na Command pamoja huku unaburuta programu kuileta kwenye uso wa kompyuta. Hiyo ni njia ya mkato. Fungua picha yako kwa Preview, Command na A, Command na C. Rudi kwenye njia ya mkato, bonyeza Command na I, gusa kale kapicha kadogo juu kushoto, kisha Command na V. Ukijuta, gusa tena hapo hapo ubonyeze Delete. Video zinazokwambia uwashe mashine kwa namna ya pekee uandike amri ya kuzima ulinzi zipite tu. Kuanzia Big Sur hata ukizima, ule muhuri bado unakuzuia.

Na kama fundi alishakufanyia kama alivyofanyiwa dada yetu, leo hii fungua WhatsApp kwenye simu, nenda kwenye "Linked devices". Kila kifaa usichokitambua kitoe, na hiyo laptopu itoe pia mpaka isafishwe. Namba na majina ya wateja uliyonayo si yako peke yako, tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Halafu badili nywila ya baruapepe, ukitumia simu, sio hiyo laptopu.