Kufundisha Mgogoro wa Katiba: Mfano wa Rhode Island, 1842

Katika historia ya Marekani walimu tumezoea kuruka kutoka vita vya uhuru hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tunapendekeza mwalimu atue kidogo Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, kwani huko swali la nani mwenye haki ya kutunga katiba liliulizwa waziwazi, tena kwa silaha.

Mambo ya msingi yaandikwe ubaoni kwa ufupi. Hadi mwaka 1841 jimbo hilo lilikuwa likitawaliwa kwa hati ya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, ya mwaka 1663. Mpiga kura alitakiwa kuwa na ardhi yenye thamani ya dola 134, au awe mwana wa kwanza wa mwenye ardhi hiyo. Wafanyakazi wa viwandani na wapangaji wa mjini Providence hawakuwa na kura. Thomas Wilson Dorr, mwanasheria, na wenzake wakaitisha mkutano wa katiba bila idhini ya serikali, na mnamo Desemba 1841 watu wapatao 14,000 wakaikubali Katiba ya Umma. Aprili 1842 jimbo likawa na magavana wawili: Dorr na Samuel Ward King. Mwezi uliofuata wafuasi wa Dorr walijaribu kuteka ghala la silaha. Mizinga yao haikufyatuka.

Kufikia hapa darasa zima huwa upande wa Dorr. Mwalimu asiwazuie, ila asiwaache hapo. Katiba ya Umma iliwapa kura wanaume weupe tu. Watu weusi wa Providence, walionyimwa kura tangu 1822, waliiunga mkono serikali ya hati, na katiba iliyopitishwa Novemba 1842 ikawarudishia wanaume wao kura. Lakini wahamiaji waliopata uraia, wengi wao Waairishi, waliendelea kudaiwa ardhi hadi 1888. Wanawake hawakupata kura kwa katiba yoyote kati ya hizo.

Sasa ndipo darasa ligawanywe: wenye ardhi, wafanyakazi, watu weusi, Waairishi. Kila kundi liandike aya moja kueleza umma ni nani. (Mjadala wa mdomo peke yake huwanufaisha wasemaji hodari tu.)

Mwishowe kila mwanafunzi aandike hukumu: serikali ipi ilikuwa halali? Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Luther na Borden ya mwaka 1849, ilikataa kuamua, ikisema hilo ni jukumu la Bunge na Rais. Wanafunzi waelezwe hayo baada ya madaftari kukusanywa, si kabla.