Kurejeza Titi Lililokatwa: Je, Ni Kubadilisha Maumbile?

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa masuali matatu na akina mama wanaohudhuria darsa yetu hapa Riruta Satellite, na wengi wao ni watu wa Mwambao waliohamia Nairobi pamoja na waume zao. La kwanza: mwanamke aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani, je, yafaa atengenezewe jingine, au huko ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? La pili: ikiwa daktari atatumia ngozi ya mtu mwingine, au ya mnyama, hukumu yake ni nini? La tatu: Je, Muislamu aweza kuusia kwamba akifa itolewe ngozi yake au sehemu nyingine ya mwili wake ili wapate kutibiwa wengine?

Huenda msomaji akauliza: masuali kama haya yana haja gani kuandikwa karatasini, nayo ni mambo ya siri ya wanawake? Jawabu ni kuwa haya hii ndiyo inayowaua watu. Kwa makisio ya mwaka 2020, wanawake 6,799 wa Kenya walipatikana na saratani ya titi katika mwaka huo mmoja, na hakuna saratani iwapatayo wanawake wa nchi hii zaidi ya hiyo. Wengi huenda hospitali maradhi yakiwa yamekwisha kuenea. Na miongoni mwa sababu za kuchelewa ni hii: mwanamke huona uvimbe, akaambiwa kwamba dawa yake ni kukatwa, naye akaogopa kubaki na kifua kitupu kuliko anavyoogopa mauti. Basi hufunga mdomo wake, akazunguka kwa waganga, hata siku ya kukatwa ikawa imekwisha kupita. Lau angalijua kwamba lililokatwa laweza kurejezwa, na kwamba sheria haikumfungia mlango huo, huenda angalikwenda mapema.

JUU YA KAZI YA MADAKTARI

Hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu, kwa hivyo ni lazima kwanza tujue madaktari hufanya nini.

Kurejeza titi kuna njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kutia chini ya ngozi ya kifua kifuko cha silikoni. Vifuko hivi vilitiwa kwa mara ya kwanza mjini Houston, Marekani, mwaka 1962. Upasuaji wake ni mfupi, lakini kifuko hakidumu milele, na mwanamke aliyepigwa mionzi kifuani huweza kupata taabu nacho zaidi kuliko mwingine.

Njia ya pili ni kutumia nyama ya mwanamke mwenyewe. Mtaliana Iginio Tansini, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alichukua ngozi ya mgongo pamoja na msuli wake akaigeuza kuja mbele, ili kulifunika jeraha la kifua. Na mwaka 1982 daktari wa Marekani, Carl Hartrampf, alieleza namna ya kuipandisha ngozi na mafuta ya tumboni yakafanywa titi. Nyama hiyo huhamishwa pamoja na mishipa yake ya damu, nayo ikaishi mahali pake papya. Upasuaji huu ni mrefu, na jeraha huwa ni mawili, lakini kinachotiwa ni cha mwili wenyewe.

Tena kuna msaada wa tatu, nao ndio uliozusha suali la pili. Daktari anapotia kifuko, mara nyingine hukosa nyama ya kukifunika na kukishika. Hapo hutumia kitambaa kilichofanywa kwa ngozi ya mtu aliyekufa ambaye ngozi yake ilitolewa kwa ridhaa. Ngozi hiyo husafishwa hata chembe zake zote zilizokuwa hai zikaondoka, ukabaki utando mtupu. Na kwa kuwa hazimo tena chembe za mwenyewe, mwili wa mgonjwa haupigani nao, bali mishipa yake hupenya humo na nyama yake ikaota ndani yake. Lakini vitambaa vya namna hii viko pia vilivyofanywa kwa ngozi ya ng'ombe, na viko vilivyofanywa kwa ngozi ya nguruwe.

Na ifahamike kuwa titi lililotengenezwa ni umbo tu. Halitoi maziwa, na hisia yake si kama ile ya asili. Wala kulitengeneza hakurejezi saratani. Mwanamke ataendelea kuangaliwa na daktari kama alivyoamrishwa.

JAWABU LA SUALI LA KWANZA

Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaoyabadilisha maumbile kwa kutaka uzuri, na katazo hilo hatulipunguzi hata kidogo. Lakini anayejaza shimo siye anayejenga ghorofa. Mwanamke mzima anayejikata ili apendeze ameongeza juu ya umbo lake. Na aliyeondolewa kiungo na maradhi, akarejezewa, amelirudia umbo lake.

Na dalili iko wazi. Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Ujahili, akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, naye Mtume (S.A.W.) akamuamrisha afanye ya dhahabu. Khabari hii wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi na Nasai. Izingatie sana, ewe msomaji. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba nayo, lakini ilipokuwa ni ya kuziba pengo la mwili aliruhusiwa. Tena pua ile ilikuwa haisikii harufu. Haikuwa na kazi ila kumrudishia mtu uso wake mbele ya watu. Basi nani atakayesema kuwa mwanamke haruhusiwi kutaka umbo lake, na Sahaba ameruhusiwa kutaka uso wake?

Wanavyuoni wa zama zetu nao wamelisema hili. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jedda lilipokutana mwaka 1988 liliruhusu sehemu ya mwili kuhamishwa mahali pengine pa mwili ule ule, ili kurejeza kiungo kilichopotea au umbo lake, au kuondoa ila inayomuumiza mtu mwili au moyo, maadamu manufaa yake ni makubwa kuliko madhara. Na lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lililitaja wazi wazi titi lililokatwa, likaruhusu litengenezwe upya. Hata sheria ya Marekani ya mwaka 1998 imezilazimisha bima zinazolipia kukatwa titi zilipie na kurejezwa kwake, kwani hiyo ni tiba, si pambo.

Kwa hivyo yafaa, wala si lazima. Atakayependa kubaki kama alivyo hana makosa. Na atakayetaka, atangulize daktari mwanamke akipatikana, na asipopatikana, dharura ina hukumu yake. Ama titi lililokatwa, kwanza hupelekwa likapimwe, kwani katika kipimo hicho ndimo inamojulikana dawa ya kufuata. Kisha linalobaki, katika madhehebu yetu ya Shafi ni sunna lizikwe.

JAWABU LA SUALI LA PILI

Katika madhehebu yetu mwanadamu ni tahiri, akiwa hai na akiwa maiti. Basi kitambaa cha ngozi ya mtu si najisi, wala hakiiharibu sala ya mwenye kukitia. Cha ng'ombe aliyechinjwa kwa sheria hakina shaka.

Ama cha nguruwe, Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza khabari ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tahiri, akasema kuwa huyo ana udhuru. Fahamu sharti iliyomo: kwa kukosa kilicho tahiri. Basi ni wajibu wa mgonjwa kumuuliza daktari kabla ya siku ya upasuaji: kitambaa hiki kimefanywa kwa nini? Na je, hakuna kingine? Yako mambo ya kutumia badala yake, ikiwamo nyama ya mwanamke mwenyewe. Na aliyekwisha kutiwa bila ya kujua asitiwe khofu, wala asiende kukatwa tena kwa wasiwasi.

JAWABU LA SUALI LA TATU

Hapa wanavyuoni wamekhitalifiana, wala si uaminifu kuificha khitilafu. Wako waliokataza, na miongoni mwao ni Sheikh Mutwalli Shaarawi wa Misri, kwa kuwa mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu na mtu haumiliki. Na kwa kuwa imepokewa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Na wako walioruhusu, nao ni wengi katika mabaraza ya zama zetu: Baraza la Wanavyuoni Wakubwa wa Saudia mwaka 1982, na Baraza la Jedda mwaka 1988. Hoja yao ni kwamba hadithi ile yakataza kumfanyia maiti jeuri; na anayetoa kwa ridhaa yake ili mwenziwe apone, hakufanyiwa jeuri bali ametenda hisani.

Nasi twaona kauli ya kuruhusu ina nguvu zaidi, kwa masharti: mtoaji awe ameridhia mwenyewe katika uhai wake, au wawe wameridhia warithi wake, maiti atendewe kwa heshima, na mazishi yasicheleweshwe ila kwa kadiri ya haja, na kisiuzwe kitu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo yataka idhini iliyoandikwa kabla ya kuchukuliwa tishu ya mtu aliye hai apewe mwingine.

Sharti hili la kutouza twalitilia mkazo kwa ajili ya mahali tunapokaa. Kibera na Kawangware wako vijana wanaolala bila ya chakula, na dalali hajui haya. Akikujia mtu akikwambia atakununulia sehemu ya mwili wako, jua kwamba hakuja kutafuta sadaka. Kutoa ni ihsani. Kuuza ni kumfanya mwanadamu bidhaa.

NASAHA

Ewe mama, ukiona uvimbe, au ngozi iliyovutika, au chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, usingoje. Nenda kituo cha afya cha Riruta, au hospitali ya Mbagathi, au ilio karibu nawe. Ikiwa itakubidi ukatwe, muulize daktari mapema kama titi laweza kurejezwa siku ile ile au baadaye, kwani yote mawili hufanywa, na jawabu hutegemea maradhi yako na mionzi utakayopigwa. Na asiye na uwezo wa gharama asione kuwa ameachwa. Thika wako akina mama waliopona maradhi haya wanaofuma matiti ya uzi ya kuvaliwa ndani ya nguo, na bei yake ni ndogo kuliko ya silikoni.

Nawe bwana, mara nyingi mkeo hangojei neno la daktari. Angojea neno lako. Ukimwambia, "Nenda ukatibiwe, nami ni mumeo kwa titi na bila ya titi," huenda neno hilo likamuokoa. Na ukinyamaza, huenda naye akanyamaza, na maradhi hayanyamazi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi. Twamuomba awaponye wagonjwa wetu.