Somo Juu ya Ngozi Inayopasuka Kandokando ya Mdomo

Wakati wa kiangazi, upepo mkavu unapopita juu ya majani yaliyoungua, watu wengi wa Kasongo na Kabambare huona midomo yao ikikauka na kupasuka. Wengine wana nyufa katika pembe mbili za mdomo. Kucheka kunauma, kula chumvi na pilipili kunauma zaidi. Jambo hili laonekana kuwa dogo, lakini yafaa kulifahamu, maana mara nyingine ni kiangazi tu, na mara nyingine ni mwili unaodai chakula.

Sebabu za ugonjwa huu

1. *Kukauka.* Ngozi ya midomo ni nyembamba, wala haina mafuta yake yenyewe kama ngozi ya uso. Mtu akiona imekauka huilamba. Mate yanapokauka huondoa hata unyevu kidogo uliokuwamo, naye hulamba tena. Hivyo kidonda hakiponi.

2. *Mate yanayokaa katika pembe.* Mzee aliyepoteza meno, midomo yake hukunjana, na mate hukaa katika mkunjo. Mtoto anyonyaye kidole hupata hali ile ile. Mahali penye unyevu siku zote, ukungu wa ngozi huota.

3. *Upungufu wa chakula cha kujenga mwili.* Mwaka 1938 waganga wawili wa Marekani, W. H. Sebrell na R. E. Butler, walieleza habari za wanawake waliolishwa chakula chenye upungufu wa vitamini B2. Baada ya miezi kadha pembe za midomo ya wengi wao zilipasuka. Walipopewa vitamini hiyo wakapona. Upungufu wa damu huleta nyufa kama hizo, na katika nchi yetu malaria na minyoo hupunguza damu ya watoto wengi.

4. *Mafuta ya kujichubua.* Mengi ya mafuta haya yana dawa kali ndani yake. Mtu akiyapaka usoni siku nyingi, vipele vidogo na magamba huweza kutokea kandokando ya mdomo. Akiongeza kupaka, huongeza ugonjwa.

Wala si alama ya uchawi, wala si haki kumcheka mtoto kwamba amekula kitu kwa siri.

Namna ya kutunza ngozi

Osha mahali pale kwa maji safi ya vuguvugu, asubuhi na jioni. Kausha polepole kwa kitambaa safi, usisugue. Kisha paka vazelini, au mafuta safi ya mawese, kidogo tu. Paka tena kabla ya kula na kabla ya kulala. Mafuta hufunika ngozi kama majani yanavyofunika nyumba: mate hayaingii, na unyevu wa ndani hautoki.

Usilambe midomo. Usibandue magamba kwa kucha. Usitie majivu, ndimu, dawa ya meno, wala unga wa vidonge. Acha mafuta ya kujichubua. Kila mtu awe na kitambaa chake, na kikombe kioshwe kabla ya mwingine kunywa.

Dawa iliyo katika sufuria

Nchi ya Kasongo yajulikana kwa mpunga tangu siku za wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Mchele ni chakula chema, na bukari ya muhogo hushibisha. Lakini mtoto aweza kushiba kila siku na mwili wake ukabaki na njaa. Mchele mweupe sana umepoteza pumba pamoja na vitamini zake. Ule uliotwangwa kinuni bila kusafishwa mno ni bora.

Mama, weka kitoweo kando ya bukari: sombe iliyotwangwa na kupikwa sana, lengalenga, maharagwe, karanga, dagaa, yai, au maini ukiyapata. Usimnyime mtoto wala mwanamke mwenye mimba yai na nyama kwa ajili ya desturi. Hao ndio wanaovihitaji zaidi. Usimwage maji yaliyopikia lengalenga au maharagwe, maana vitamini B2 huingia katika maji. Chungwa au pera baada ya chakula husaidia mwili kupokea chuma cha mboga, lakini chai pamoja na chakula hukizuia.

Wakati wa kwenda hospitali

Ukifanya hayo yote na baada ya wiki 2 kidonda hakijapona, nenda kwa muuguzi. Huenda wahitaji dawa ya ukungu, au dawa ya minyoo, au kupimwa damu. Nenda upesi zaidi ukiona magamba ya rangi ya asali yanayoenea usoni, au weupe ndani ya kinywa usiofutika, au miguu ya mtoto inavimba na nywele zake zinageuka rangi.

Kama kuna homa, tezi zimevimba, na vipele vimetokea usoni na viganjani, huenda ni mpox. Mgonjwa akae peke yake, na habari ipelekwe kwa muuguzi siku ile ile.

Jambo moja lisingoje hata kesho. Mtoto dhaifu, hasa baada ya surua, akiwa na ufizi unaotoka damu, kinywa kinachonuka vibaya, na shavu linalovimba, huenda ni noma. Ugonjwa huu huanza ndani, katika ufizi, na kwa siku chache waweza kula shavu lote na kumwua mtoto. Shirika la Afya Duniani liliuhesabu katika magonjwa yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023. Ukiwahiwa mwanzoni, dawa za hospitali, usafi wa kinywa na chakula chema huusimamisha. Basi, kila siku unapompaka mtoto mafuta, mwambie afungue kinywa, utazame ufizi wake.

Maulizo

1. Kwa nini kulamba midomo hakuiponyi?
2. Taja vitoweo 4 vya kwetu vinavyosaidia ngozi.
3. Kwa nini tusimwage maji ya maharagwe?
4. Ni dalili zipi za noma zinazotutaka kwenda hospitali leo?