MTOTO NA UTAMU
Somo katika malezi ya watoto wadogo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake, hili ni somo katika jambo ambalo wengi hulihisabu dogo, nalo ni sukari apewayo mtoto mdogo, na khitilafu ya wazazi katika kumpa na kumzuilia.

Mfano wa nyumba moja

Itazamwe Qurus, kata ya wilaya ya Karatu katika mkoa wa Arusha, nchi ya juu yenye baridi, upande wa Ngorongoro. Wenyeji wa wilaya hiyo wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji. Na ikadiriwe kuwa mtu wa Pwani amehamia huko kwa biashara, pamoja na mkewe na mama yake na mtoto wa miaka mitatu. Alipoondoka kwao alidhani kwamba halua na kaimati na visheti ameviacha nyuma, na kwamba mwanawe atakua kwa maziwa na makande. Walakini sukari imemtangulia. Asubuhi, kwa ajili ya baridi, mtoto hunyweshwa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Mchana akilia hunyamazishwa kwa pipi. Jioni baba arudipo dukani, mkononi mwake mna chupa ya soda.

Mama husema, "Baba Fulani, meno ya mtoto yameanza kuoza, na usiku ni mimi nikaaye naye macho." Baba humjibu, "Mwache ale. Utoto hauji mara mbili." Na bibi husema, "Sisi tulilelewa kwa sukari guru, na mbona tumekua?" Basi yupi katika hawa mwenye haki?

Asili ya ukarimu huu

Bibi hasemi uwongo. Katika karne ya 19 sukari ya Pwani ilitoka katika mashamba ya miwa ya bonde la Pangani, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na katika nyumba za watu wa kawaida ilikuwa ni kitu cha wageni na cha siku kuu. Kumpa mtoto kitu kitamu kulikuwa ni kumtukuza. Kisha vikaja viwanda. Kile cha Arusha Chini, kusini ya Moshi, kilianza katika miaka ya 1930, na leo hakuna duka la kijijini lisilouza sukari. Kitu kilichokuwa cha Idi kimekuwa cha kila saa, lakini mkono wa mtoaji ungali na mazoea ya zamani, hudhani kuwa unakirimu. Hili ndilo kosa la kwanza, yaani kupima sukari ya leo kwa kibaba cha jana.

Hukumu yake

Jua ya kwamba sukari kwa asili yake ni halali, wala hapana awezaye kuiharimisha. Imepokewa kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kuwa Mtume s.a.w. alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Walakini halali ina mpaka. Katika Suratul Aaraf waumini wameruhusiwa kula na kunywa, wakakatazwa kupita kiasi. Na katika misingi ya fikihi, madhara huondoshwa, na walii hatendi katika jambo la mtoto ila kwa maslaha yake.

Hapa ndipo mtoto anapokhitalifiana na mtu mzima. Mtu mzima akijidhuru kwa tamaa yake, hisabu ni yake. Mtoto hana akili ya kupima. Akili yake ni baba yake na mama yake. Kama vile wanavyowajibika kumwamrisha sala atimizapo miaka saba, kabla hajafikiwa na taklifu, ndivyo wanavyowajibika kumkinga na limdhurulo asilolijua. Basi mtoto si wa kuulizwa, "Wataka soda?" kana kwamba jawabu lake ni hoja. Aulizwaye kesho juu ya amana ni yule aliyepewa amana.

Waliyoyajua matabibu

Katika kinywa cha kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikipata sukari huila na kutoa ukali kama wa siki, nao hula jino. Mate huuosha ukali huo, lakini huchukua kiasi cha nusu saa au zaidi. Kwa hiyo kinachodhuru zaidi si kiasi peke yake, bali ni kukariri. Mtoto alaye kitu kitamu mara moja pamoja na chakula chake, kinywa chake hupata mapumziko. Ama yule anyonyaye pipi tangu asubuhi hata jioni, jino lake halipumziki. Na mbaya kuliko zote ni chupa ya maziwa yenye sukari au juisi aachiwayo mtoto kinywani alale nayo.

Shirika la Afya Duniani katika mwaka 2015 liliagiza kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha mtu kwa siku, na ikipunguzwa hata nusu ya hiyo ni bora. Nusu hiyo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 25, yaani vijiko sita vya chai, na ya mtoto ni ndogo kuliko hiyo. Soda ya kola ya mililita 330 ina kiasi cha gramu 35. Basi mtoto wa miaka mitatu amalizapo chupa moja amekwisha kupita haki ya babake. Na mwaka 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo kuwa mtoto wa miezi 6 hata 23 asipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari.

Dhara yenyewe haikomi katika meno. Huko Uingereza, kwa sababu ya vita, sukari iligawiwa kwa kadi tangu mwaka 1940 hata Septemba 1953. Kadi zilipoondoshwa, ulaji ulikaribia kuwa mara mbili. Wataalamu wakawalinganisha watu waliozaliwa kabla kidogo ya hapo na baada yake kidogo, na mwaka 2024 wakatangaza waliyoyaona: wale ambao mimba yao na miaka yao ya kwanza ilipita katika zama za kadi, ukubwani hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa ndogo kwa kiasi cha 35 katika mia, na ya shindikizo la damu kwa kiasi cha 20 katika mia. Na mwenye kusoma Suratul Baqara anajua kuwa miaka miwili kamili ndiyo muda uliotajwa wa kunyonyesha kwa atakaye kutimiza. Miaka hiyo ni msingi, na nyumba hufuata msingi wake.

Hoja za walegevu na majibu yake

Hoja ya kwanza husema, "Meno ya utotoni yatang'oka, yakioza si neno." Jawabu ni kwamba meno hayo huyashikia nafasi meno yatakayokuja, na yakioza huuma kama mengine. Mtoto aumwaye na jino halali, hali, wala hajifunzi. Na mwalimu wa chuoni anajua lingine: thaa na dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa meno ya mbele, na faa hutoka mdomo wa chini na meno ya juu. Mtoto ambaye meno yake ya mbele yameoza mapema hutaabika katika makharij, na huenda akapigiwa kosa lisilo lake.

Hoja ya pili ni ya watu wa upande wa Arusha: "Meno ya huku huharibiwa na maji, si sukari." Ni kweli kwamba maji ya sehemu nyingi za kaskazini ya Tanzania yana madini ya floridi kuliko kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 katika lita, na kwamba mtoto anywaye maji hayo meno yake yakingali hayajaota hutokea na rangi ya kahawia. Lakini doa la maji na tundu la sukari ni vitu viwili mbalimbali. Mwenye kuwa na la kwanza hakupewa amani na la pili.

Hoja ya tatu, "Asali ni dawa, haidhuru." Katika Suratun Nahl imetajwa kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, na kusadiki hayo ni wajibu. Walakini dawa ina kipimo na wakati wake. Katika wilaya iyo hiyo ya Karatu, kando ya ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, walao asali ya nyuki wa mwituni isiyochanganywa na kitu. Wataalamu waliotangaza mwaka 2017 khabari za meno yao waliona kuwa wanaume wakaao porini walikuwa na meno mengi yaliyooza, wakadhani kuwa sababu ni asali na tumbako. Jino halitambui nasaba ya utamu.

Hoja ya nne ndiyo kubwa, "Nampenda, siwezi kumwona akilia." Basi na akumbuke kisa cha Sayyidna Hasan bin Ali alipokuwa mtoto. Alichukua tende katika tende za sadaka akaitia kinywani, na Mtume s.a.w., babu yake, ambaye hapana aliyempenda mjukuu kuliko yeye, alimkemea kwa maneno ya kitoto ili aitupe, akamweleza kuwa wao hawali sadaka. Tende ile ilikatazwa kwa sababu ya sadaka, si kwa utamu. Lakini katika kisa hiki mna funzo kuwa mapenzi hayamzuii mzazi kukiondoa kinywani mwa mtoto kisichomfalia, na kwamba mtoto hata akiwa mdogo hupewa sababu. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 Hijria (1111), aliitaja pupa ya chakula kuwa ya mbele katika tabia zimshindazo mtoto, akataka aizoezwe kiasi mapema. Mtoto aliyejua kuwa kilio hununua pipi leo, kesho atajua kuwa kilio hununua kila kitu.

Mas-ala ya tahniki

Huulizwa: Ikiwa utamu una dhara, vipi sunna ya kumtia tende mtoto aliyezaliwa? Jawabu: Sunna ni thabiti. Mtume s.a.w. alimfanyia hivyo Abdallah bin Zubeir na mtoto wa Abu Musa al-Ashari. Nayo ni tende iliyolainishwa ikasuguliwa kidogo katika kaakaa, si kulisha. Maulamaa, miongoni mwao Imam Nawawi, wamesema kuwa ikikosekana tende basi kitu kingine kitamu. Na katika nchi za bara ambako tende ni adimu na asali ni tele, watu hukimbilia asali. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Matabibu wameonya kuwa asali huweza kuchukua mbegu za maradhi ya kupooza yaitwayo botulismi, ambayo humdhuru mtoto asiyetimiza mwaka, na kwamba asipewe hata kidogo. Basi mwenye mke aliye karibu kujifungua na atafute tende mapema, haiozi upesi. Au achukue tunda tamu lililoiva. Sunna hupatikana, na hatari huepukwa. Na mikono ioshwe kwanza.

Waliozidisha ukali

Wako pia waliotoka upande wa pili, wakaiita sukari sumu, wakamnyima mtoto hata andazi la Idi, na kumwaibisha mbele ya wenziwe. Mtoto wa namna hii hujifunza kuficha, akala kwa pupa katika nyumba za jirani. Kuharimisha kilichohalalishwa si uangalifu. Ulegevu humwacha mtoto bila mchungaji, na ukali wa kupita kiasi humfundisha kumkimbia.

Yafaayo kutendwa

Kinywaji cha mtoto kiwe maji na maziwa. Chai yake itiwe sukari kidogo, na kila mwezi ipunguzwe, kwani ulimi huzoea. Tamu iwe ya siku maalumu na pamoja na chakula, wala isiwe malipo ya kilio. Mwalimu wa chuoni amtunzaye mtoto aliyehifadhi sura ampe kalamu au karanga badala ya pipi. Meno yasuguliwe asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki na dawa ya meno. Na baba apigapo mswaki wake kwa ajili ya sala, amwite mwanawe asimame karibu naye. La mwisho, wazazi wawe na neno moja. Mama akizuia mchana na baba akileta jioni, mama amefanywa adui, na baba amejinunulia mapenzi kwa meno ya mwanawe.

Basi katika nyumba ile ya Qurus mwenye haki alikuwa mama. Na bibi alisema kweli ya zama zake. Ama baba, mlango haujafungwa. Jioni moja na arudi na ndizi mkononi. Mtoto atalia siku ya kwanza, na ya pili atalia kidogo. Siku ya tatu huenda akaipokea ile ndizi, akakaa pajani mwa babake, naye asijue kuwa ametendewa wema mkubwa kuliko soda zote.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzihifadhi amana zake. Amin.