Mdogo Wangu, Usiache Mchezo Wako

Mdogo wangu unayeshinda na kompyuta mchana na kukesha nayo usiku, sogea tuzungumze. Najua kinachokukera. Kazini unahudumia seva chungu nzima zinazogawana kazi. Nyumbani una vijiprogramu vyako: gemu uliyoiachia njiani, kikokotoo cha michango ya harusi, na kingine hata hukumbuki ulikianzia nini. Halafu unajilaumu kwamba umetawanyika, huna msimamo. Acha hayo. Guido van Rossum alianza lugha ya programu ya Python mwaka 1989 kwa kutafuta cha kufanya sikukuu ya Krismasi. Linus Torvalds naye, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991 aliwatangazia wenzake kuwa anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Leo mfumo huo, Linux, unaendesha seva nyingi kupita hesabu, na huenda hata hizo zenu. Asikudanganye mtu kuwa unapoteza muda.

Ila hapa ndipo ninapokuvuta sikio. Kijiprogramu cha nyumbani kiko kwenye mashine moja, kikigoma unakiona kimegoma. Mashine zikiwa nyingi, mambo ni mengine. Seva moja inaiomba nyingine ikate shilingi 5,000 kwa mteja. Inangoja, jibu halirudi. Ombi limepotea njiani? Au pesa imeshakatwa, kilichopotea ni jibu? Aliyeko upande wa kungoja hawezi kujua. Wewe na haraka zako unaandika ijaribu tena, unafunga kompyuta, unaenda zako kulala. Asubuhi mama wa watu amekatwa mara mbili, na ilikuwa hela ya ada ya mtoto. Utajisikiaje?

Lipe kila ombi namba yake kabla halijatoka, na likirudiwa, lirudiwe kwa namba ileile. Upande wa pili ukikuta namba hiyo imeshahudumiwa, urudishe jibu la mwanzo, usikate tena. Na namba pamoja na makato vihifadhiwe kwa mkupuo mmoja, la sivyo seva ikizimika katikati, umerudi palepale. Haraka haraka haina baraka, mdogo wangu, na kwenye pesa za watu ina kesi.

Ndiyo maana sitaki uache vya nyumbani. Huko ndiko pa kuharibia. Washa programu mbili zizungumze, kisha zima moja katikati ya mazungumzo, kata waifai, uone kinachobaki. Hata wakubwa waliishi na mashine wasizoziamini: kuanzia 1999 hadi 2020, mradi wa SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uligawa vipande vya mawimbi ya redio kutoka angani kwa kompyuta za watu majumbani. Mwenye kompyuta angeweza kuizima wakati wowote, au ikaleta majibu mabovu. Kwa hiyo kipande kimoja kilipewa zaidi ya mashine moja, majibu yakalinganishwa.

Ulichojifunza usiku kipeleke kazini. Kijiprogramu chenyewe kiache nyumbani mpaka wenzako wakikague. Wala usikiandikie kwenye kompyuta ya ofisi. Kenya, kwa mfano, kazi uliyoiandika kama sehemu ya ajira yako ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Na wako hujausoma, nakujua. Usome leo, kisha ulale mapema.